Simu inasema tuko mwaka 1970: hesabu ile inatoka wapi, na kwa nini 2038 inatuhusu

Umeme ulikatika tangu juzi, simu imezimika kabisa. Umeme unarudia, unaiwasha, na pale juu inaandika: 1 Januari 1970, saa 2:00. WhatsApp inakataa kufunguka. Picha yenye unapiga inaenda kujificha nyuma ya picha zote, kwa sababu simu inaamini ni ya zamani sana. Huku Mashamba, Kapata, Musonoi na Luilu, watu wengi wamekwisha kuona jambo hili. Mmoja anasema ni virusi. Mwengine anasema simu ni ya bei rahisi, njo maana. Na hakukosekane mwenye kusema: "Ile simu, batu bameiloga."

Si virusi, si uchawi, na si makosa ya mwenye kuuza. Ni hesabu. Simu imepoteza hesabu ya wakati, ikarudia kwenye sifuri, na sifuri ya mashini inaitwa 1 Januari 1970. Tunaandika juu ya hesabu hii kwa sababu haiko mu simu peke yake. Iko mu mashini mingi zenye kusoma badji kwenye mulango wa kazi, mu kamera za ulinzi, mu vitabu vya malipo vya kompyuta. Na mu mashini za zamani hesabu ile iko na siku ya mwisho, yenye inajulikana mpaka kwa sekunde.

MASHINI HAIJUI TAREHE, INAJUA KUHESABU

Mwaka 1969, mu maabara ya Bell kule New Jersey, Marekani, watu wawili, Ken Thompson na Dennis Ritchie, walianza kutengeneza mfumo wa kompyuta wenye ulikuja kuitwa Unix. Mfumo ni kama shefu wa ekipi. Programu zote ziko chini yake: yeye njo anagawa kazi, anasema nani atumie kumbukumbu, nani angoje, nani aandike mu faili gani. Na shefu yeyote lazima ajue saa.

Lakini kompyuta haijui Jumatatu wala Desemba. Inajua kuongeza moja, basi. Wale wazee wakaamua: tutachagua siku ya mwanzo, na kutoka pale mashini itahesabu tu. Mara ya kwanza, mu kitabu chao cha mwaka 1971, walihesabu vipande vya sekunde, 60 kwa kila sekunde, kuanzia 1 Januari 1971. Kumbe walienda mbio sana. Nafasi yenye walitenga kwa hesabu ile ingejaa kiisha siku 829, maana yake miaka miwili na miezi mitatu. Walisogeza siku ya mwanzo mara kadhaa, kiisha wakaona heri kuhesabu sekunde nzima na kushika mwanzo mumoja: 1 Januari 1970, saa sita ya usiku ya Greenwich.

Tangu pale, kila sekunde ni moja juu. Siku moja ni 86 400. Tarehe 9 Septemba 2001 hesabu ilifika 1 000 000 000. Mu Novemba 2023 ilipita 1 700 000 000. Ile njo wakati ya kweli ya mashini. Tarehe na saa zenye unaona pa kioo ni tafsiri tu, yenye mashini inafanya kwa ajili ya macho yako.

Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, mu Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika mfumo wake wenye kufuata njia ya Unix. Ule mfumo njo Linux. Android, yenye iko mu simu nyingi za hapa, imejengwa juu ya Linux. iPhone nayo ni ya jamaa ya Unix. Kwa hiyo wote wanashika hesabu moja.

Simu ikiwa imezimwa, kisaa kidogo ndani yake kinaendelea kupiga kwa nguvu kidogo yenye imebaki mu batri. Ni ile batri yenye ndani yake mara nyingi muko kobalti, kitu chenye tunajua huku kuliko watu wote wa dunia. Batri ikikauka kabisa, ao ukiitoa, kisaa kinasimama na kinasahau. Simu zingine zinarudia tarehe yenye kiwanda kiliweka. Zingine zinarudia sifuri: 1970.

Na kwa nini saa 2:00, si saa sita ya usiku? Kwa sababu sifuri ni ya Greenwich, na huku Lualaba tuko saa mbili mbele yake. Simu ileile, ikizimika Kinshasa, inaandika saa 1:00. Ikizimika California, inaandika 31 Desemba 1969.

WhatsApp nayo haikatai kwa ubaya. Mbele ya kusema na mashini kubwa ya kampuni, simu inaombaka kuona cheti: wewe ni nani, na cheti chako ni cha tarehe gani mpaka gani? Simu yenye inaamini tuko 1970 inaona cheti cha leo kama karatasi ya kesho kutwa, inasema si halali. Rudisha tarehe ya kweli, mambo inafunguka. Ku franga zako za mu simu, usiogope: zinahesabiwa ku mashini za kampuni ya simu, si mu saa ya simu yako.

Tunaonya vijana juu ya jambo moja. Mu Februari 2016 watu waligundua kwamba iPhone fulani, ukiweka kwa mukono tarehe 1 Januari 1970, inazimika na haiwake tena. Apple ilitengeneza kasoro ile mu iOS 9.3. Mwenye iko na simu ya zamani yenye haikupata ile dawa, asijaribu.

SANDUKU LA NAFASI 32

Sasa tuingie kwenye shida yenyewe. Dereva wa kamyo anajua kompteri ya kilometa. Ikiwa na tarakimu sita, ikifika 999 999, kilometa yenye inafuata inaandika 000 000. Kamyo haikupona kuwa mupya. Ni nafasi zimekwisha.

Kompyuta inahesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Wazee wa Unix walipatia wakati sanduku la nafasi 32. Nafasi ya kwanza waliifanya alama: ikiwa 0, tunasema juu ya wakati wenye ulikuja nyuma ya 1970, ikiwa 1, tunasema juu ya wakati wenye ulitangulia 1970. Zinabaki nafasi 31 za hesabu. Zote zikijaa, ni 2 147 483 647. Haipitishe pale.

Gawanya kwa sekunde za mwaka, utapata miaka 68 na kidogo. 1970 na 68 ni 2038. Siku yenyewe ni Jumanne 19 Januari 2038, saa 3 na dakika 14 na sekunde 7 ya Greenwich. Kwa Kolwezi ni saa 5:14 ya asubuhi: wa usiku wanajitayarisha kutoka, wa asubuhi wako njiani.

Sekunde yenye inafuata, mashini inaongeza moja. Nafasi ya alama inageuka 1, zingine zote zinakuwa 0. Mashini inasoma: "mbele ya 1970, mbali kabisa." Inaandika 13 Desemba 1901. Mu 1901 Union Minière haikuwa bado. Ilianzishwa mwaka 1906. Njia ya reli ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mu 1910. Mashini yenye ilihesabu saa za kazi yako usiku ule itasema uliingia mu 2038, ukatoka miaka 136 mbele ya kuingia. Programu yenye kuhesabu malipo itafanya nini na mambo kama ile? Zingine zitakataa, zingine zitaandika sifuri, zingine zitasimama tu.

Mwenye kufikiri ni hadithi, aangalie GPS, yenye kusaidia kamyo na mashini za kuchimba kujua pa kuwa. GPS inahesabu wiki, na sanduku lake la zamani liko na nafasi 10: wiki 1 024, basi. Ilijaa mu Agosti 1999, ikajaa tena mu Aprili 2019, na vyombo vya zamani vyenye havikutayarishwa vilianza kutoa tarehe za uongo. Itajaa tena mu Novemba ya ule ule mwaka 2038.

SAA YA KINSHASA, SAA YA KOLWEZI

Kuko shida ingine yenye haingoje mwaka wowote. Inchi yetu iko na saa mbili. Kinshasa na magaribi wako saa moja mbele ya Greenwich, sisi wa huku tuko saa mbili. Mu mifumo ya jamaa ya Unix kuko orodha ya majira ya dunia nzima, na ndani yake muko majina mawili ya Kongo: Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Jina Kolwezi haliko. Mwenye kuweka mashini huku lazima achague Lubumbashi. Akichagua Kinshasa, juu ni mji mukuu, ao akiacha ya kiwanda, tarehe itakuwa sawa lakini saa itadanganya.

Utasema: kama inadanganya wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, jumla inabaki ileile. Kweli. Uliingia saa 7, ukatoka saa 16: mashini inaandika 6 na 15, ni saa 9 tu. Lakini angalia mambo mawili. Kama mashini ya mulango wa kuingia iko ku saa ya Kinshasa na ya kutokea iko ku saa ya Lubumbashi, kila siku umeongezewa saa moja ya bure. Na kama ni kinyume, kila siku umekatwa saa moja. Na kama saa za usiku zinalipwa tofauti na za muchana, kusogeza saa moja kunabadilisha hesabu ya usiku hata kama jumla haibadilike. Mu mwezi wa siku 26 za kazi, ni saa 26 zenye ziko mu mashaka. Hakuna mwizi pale. Kuko mutu mwenye alichagua jina moja mu orodha, akaenda zake.

SHIDA HAINGOJE 2038

Wengi wanasema: "2038 iko mbali, tutaona." Lakini programu hazihesabu leo tu, zinahesabu na kesho. Kodi yetu ya mine yenye ilibadilishwa Marsi 2018 inatoa permi ya kuchimba kwa miaka 25. Permi yenye ilitolewa ule mwaka inaishia 2043. Mashini ya ofisi yenye iko na sanduku la nafasi 32, ukiiomba tarehe ya mwisho ya permi ile, imekwisha kukosea tangu siku ya kwanza. Ni sawa na mukopo wa nyumba, ni sawa na pansheni. Kijana mwenye alizaliwa mu 2000, akianza kazi leo, atapumzika nyuma sana ya 2038.

Kuko na jambo la vyombo vyenyewe. Simu tunabadilisha. Lakini mashini ya mine hainunuliwe kwa miaka miwili. Kisanduku chenye kuongoza pompi, kamera, chombo cha kusoma badji, vinaweza kukaa miaka 15 ao 20. Na vingi vinafika huku vikiwa vimekwisha kufanya kazi pengine. Chenye kinafungwa leo ku ukuta kiko na nafasi kubwa ya kuwa pale asubuhi ile ya Januari.

NANI ANATENGENEZA?

Dawa inajulikana: kuongeza sanduku. Ukiweka nafasi 64, hesabu inaenda mpaka miaka milioni elfu 292. Jua litazimika mbele yake. Kompyuta na simu nyingi za leo ziko na nafasi 64, na kwa zile shida hii imekwisha kwenye mfumo.

Kazi kubwa ilikuwa ku mashini za nafasi 32, zenye zingali nyingi mu viwanda. Watu wa Linux walifanya miaka wakibadilisha mulango mumoja mumoja wenye wakati unapitia. Mu Marsi 2020, Linux 5.6 ilitoka, ya kwanza yenye kuweza kupita 2038 hata ku mashini za nafasi 32. Kiisha zikafuata maktaba zenye programu zinatumia: glibc 2.34 mu Agosti 2021. Debian, moja ya mifumo ya Linux yenye kutumiwa sana, ilibadilisha mu toleo lake la 13, mu Agosti 2025, isipokuwa kwa kompyuta za zamani kabisa za aina ya PC za nafasi 32.

Ile kazi yote ilifanyika mbele ya macho ya watu. Kodi ya Linux haifungiwe mu sanduku la kampuni: mutu yeyote anaweza kuisoma, kuuliza, kusahihisha, bila kulipa. Kwa familia ya mufanyakazi, maana yake ni kwamba mtoto wa Kapata anaweza kusoma kitabu kilekile chenye injiniya wa Helsinki anasoma.

KWA VIJANA WENYE KUSOMA

Watoto wengi wanatuulizaka: nitaanza wapi, sina ordinatere? Anza na simu ya Android. Kuko programu ya bure inaitwa Termux. Inakufungulia mulango wa kuandika amri kama ku mashini ya Unix. Andika hizi, moja moja:

date +%s
Itakuonyesha hesabu ya sekunde tangu 1970, vile iko sasa hivi.

date -d @0
Itakuonyesha sifuri ya mashini: Alhamisi 1 Januari 1970, saa 2:00, kama simu iko ku saa ya huku.

date -d @2147483647
Itakuonyesha 19 Januari 2038, saa 5:14:07.

uname -m
Ikijibu aarch64, uko na nafasi 64. Ikijibu armv7l, uko na 32.

Mwenye amekwisha kuanza lugha C, ashike sheria moja: wakati unawekwa ndani ya time_t, hauwekwe ndani ya int. Hata ku mashini mupya ya nafasi 64, int ingali na nafasi 32. Ukikopi time_t ndani ya int, umerudisha shida ya wazee mu kodi ya leo. Na kama unatengeneza daftari ya MySQL, ujue aina yenye inaitwa TIMESTAMP inaishia asubuhi ileile ya 2038. Kwa tarehe za mbali tumia DATETIME. Ku mashini ya nafasi 32 yenye glibc mupya, programu lazima itengenezwe tena na -D_TIME_BITS=64 pamoja na -D_FILE_OFFSET_BITS=64. Mfumo kupona hakuponyeshe programu ya zamani yenye iko juu yake.

Wenye wanataka kuendelea mu masomo ya juu, kuko École Supérieure d'Informatique Salama ya Wasalesiani kule Lubumbashi, na Université de Kolwezi iko hapa karibu. Mtoto aliyezaliwa mu 2013, siku ile atakuwa anakaribia miaka 25. Pengine yeye njo ataitwa na kampuni kuja kuangalia kwa nini mulango haufunguke.

KWA MWENYE KUINGIA KAZI KESHO

Tunashauri mambo matatu, na hayaombe kujua kompyuta.

Kwanza, ukipitisha badji, angalia saa yenye mashini inaandika, uilinganishe na saa ya simu yako. Ikiwa ni saa moja nzima chini, jina lenye lilichaguliwa mu orodha si letu. Waambie delege wenu, wasikwambie ni kitu kidogo: kusahihisha ni kazi ya dakika chache.

Pili, wa sendika wakikaa na wakubwa, waulize maulizo mawili wazi. Mashini ya pwentaji iko ku saa gani, Kinshasa ao Lubumbashi? Na ile mashini pamoja na programu ya malipo, zimekwisha kujaribiwa na tarehe ya nyuma ya 19 Januari 2038? Kujaribu kunawezekana leo: unaweka saa mbele ku mashini ya majaribio, unaangalia vile inajibu.

Tatu, nunua kitabu kidogo. Kila siku andika saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kama ilikuwa ya usiku. Mama ao mtoto wa nyumbani anaweza kusaidia kujumlisha ku mwisho wa mwezi. Fishi ya malipo ikifika, linganisha. Siku mashini itasema ulikuwa kazini mu 1970 ao mu 1901, utakuwa na karatasi ya kuonyesha ulikuwa wapi.